Ratili Kumi na Nusu

Rungwa, 12 Mei 1957

Mjomba wangu Melkizedeki,

Shikamoo. Sisi wa huku ni wazima. Mama yangu, dada yako Yunisi, ametuma habari kutoka Kinyangiri kwa mdomo wa dereva wa lori: uwele umekomaa vizuri na ndege si wengi mwaka huu, ila ng'ombe mmoja amevunjika pembe, na mama analalamika kana kwamba ni pembe yake mwenyewe. Mke wangu Klara ana mimba ya miezi minne. Anasema mtoto akizaliwa salama, wewe utaandikiwa wa kwanza, ingawa sote wawili hatujawahi kukuona kwa macho.

Mjomba, nina jambo. Unajua kwamba mimi na mwenzangu Antipasi tunapasua mbao za mninga kwa msumeno wa shimo tangu mwaka 1947, mimi juu ya gogo na yeye chini shimoni. Wiki iliyopita Bwana Miti, yule ofisa wa misitu, alikuja na gari kutoka Manyoni, akashusha masanduku mawili mbele ya nyumba yangu. Ndani mlikuwa na misumeno ya injini, ile inayozungusha mnyororo wenye meno. Mmoja ni wa kijani, mwingine mwekundu. Akasema, "Laurenti, fanyeni kazi na mashine zote mbili mpaka Oktoba. Moja itabaki kwenu, nyingine itakwenda kwa wapasuaji wengine. Chagueni wenyewe."

Kisha akasema leseni yetu ya kukata miti itaandikwa upya. Ina majina mawili, langu na la Antipasi. Mwezi wa Oktoba kila mmoja wetu ataibeba mashine tuliyoichagua kwa hatua mia mbili, halafu ataangusha mti nayo peke yake, yeye Bwana Miti akitazama. Atakayeshindwa jina lake litafutwa na kuandikwa la mtu mwingine.

Wewe umeishi na mashine hizi kwa miaka. Hapa Rungwa hakuna aliyewahi hata kuigusa moja. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu: ipi ina nguvu zaidi? Nimenakili maandishi ya vibao vyake vya chuma kwenye karatasi hii ya pili.

Antipasi yupo, anakusalimu.

Mpwa wako,
Laurenti Marko


Magamba, Lushoto, 9 Juni 1957

Mpwa wangu Laurenti,

Marahaba, na marahaba ya Klara pia. Barua yako imetumia siku ishirini na mbili njiani. Huku ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Navaa makoti mawili na bado nauona moshi wa pumzi yangu. Mwambie mama yako pembe ya ng'ombe ipakwe majivu na mafuta, asiifunge kitambaa. Kama anakumbuka, ndivyo baba yetu alivyofanya.

Nimefurahi kuulizwa. Katika kambi hii ya mbao vijana huniuliza saa ngapi chakula, basi. Nilikwenda karakana, nikaomba vitabu vya mashine zako mbili, nikavisoma kwa jioni tatu, kamusi ikiwa pembeni.

Kwanza nikuambie nilivyoiona mashine ya namna hii mara ya kwanza, mwaka 1951. Kulikuwa na mti wa mkulo wenye upana wa futi tano na nusu shinani. Mimi na mwenzangu Leonidas tungeukata mti ule kwa msumeno wa mikono siku nzima na asubuhi ya pili. Mashine iliuangusha kwa dakika arobaini na moja. Nilikuwa na saa mkononi. Mti ulipolala, watu walipiga kelele za furaha. Mimi nilikwenda kushika kisiki. Kilikuwa laini kama meza. Nilisimama pale na mkono wangu juu yake mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nilimwambia, nimeona kazi nzuri.

Sasa hesabu. Kitabu kinasema ya kijani ina uzito wa ratili ishirini na tisa na nguvu za farasi watano na nusu. Nyekundu ina ratili ishirini na farasi watatu na nusu. Ukigawanya uzito kwa farasi, kila farasi wa ile ya kijani anabeba ratili tano na robo, na kila farasi wa nyekundu anabeba karibu tano na robo tatu. Maana yake ya kijani ni nzito, lakini aliyeitengeneza ametoa nguvu nyingi zaidi kwa kila ratili ya chuma. Namheshimu mtu huyo, popote alipo.

Ila usiamini kitabu peke yake. Aliyeandika uzito aliipima mashine ikiwa tupu: haina petroli, haina mafuta ya mnyororo, haina mnyororo wala ule ubapa ambao mnyororo unauzunguka. Hakuna mtu aliyewahi kuangusha mti na mashine ya namna hiyo. Zipime zikiwa tayari kwa kazi.

Ukiniuliza leo, nasema chukua ya kijani.

Umeandika kwamba Antipasi yupo. Hata kisiki kipo. Ana hali gani?

Mjomba wako,
Melkizedeki Msengi


Rungwa, 7 Julai 1957

Mjomba,

Shikamoo. Pembe imepakwa majivu na mama anasema ni kweli anakumbuka. Baridi imefika hata huku, na mbung'o wamepungua kidogo, tunashukuru.

Nimefanya ulivyosema. Mizani pekee ya kuaminika hapa ni ile ya kupimia nta, na mwenye kuitunza ni Mzee Idrissa, mfuga nyuki, ambaye mizinga yake imetundikwa katika kila mti kuanzia hapa mpaka mtoni. Tulipoining'iniza ya kijani kwenye ndoano, Mzee Idrissa aliizunguka mara mbili, akasema, "Nta hii imeharibika. Siinunui." Watu walicheka sana.

Zikiwa zimejaa petroli na mafuta, na ubapa na mnyororo vimefungwa, ya kijani ni ratili thelathini na saba. Nyekundu ni ishirini na sita na nusu. Tofauti yake ni ratili kumi na nusu. Nilidhani ni kidogo mpaka nilipotembea nayo. Mininga mizuri iko maili tisa kutoka hapa, na hakuna njia ya gari.

Kisha nikaziba masikio kwa pamba, nikakata. Niliazima saa ya katekista. Gogo la mninga lenye upana wa inchi kumi na nane: ya kijani sekunde thelathini na moja, nyekundu hamsini na mbili. Mjomba, sijui nikueleze vipi. Ile ya kijani haikati, inaingia kama kisu kwenye boga. Nilihisi kwamba mikono yangu imekuwa ya mtu mwingine, mtu mkubwa kuliko mimi. Nyekundu inalia kama mbuzi aliyeachwa nje, inatoa moshi, na katikati ya gogo inataka kusimama.

Nimekwisha kuchagua moyoni, lakini nasubiri neno lako.

Antipasi anakohoa kidogo. Mpasua mbao gani hakohoi?

Laurenti


Magamba, 28 Julai 1957

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimesoma habari ya Mzee Idrissa kwa Leonidas, akacheka mpaka chai ikamwagika. Huku wamekufa mbuzi wawili wa mpishi kwa baridi, na gazeti la wiki mbili zilizopita linasema bei ya pareto imepanda, jambo ambalo halimsaidii mpishi wala mbuzi.

Maneno yako juu ya mashine ya kijani ni ya kweli na yameandikwa vizuri. Mimi nimeshindwa kuyapata kwa miaka sita. Mikono ya mtu mwingine! Ndivyo hasa.

Lakini hesabu zako hazikai sawa, nami siwezi kulala na hesabu isiyokaa sawa. Farasi watano na nusu kwa watatu na nusu: kama ya kijani ilitumia sekunde thelathini na moja, nyekundu ilipaswa kutumia kama arobaini na tisa. Wewe umepata hamsini na mbili. Kuna sekunde tatu zinapotea mahali. Angalia kwanza mchanganyiko wa petroli na oili. Oili ikizidi, mashine hutoa moshi na kuchoka. Angalia pia kichujio cha hewa, labda kimejaa vumbi. Kama si hivyo, sijui ni nini, na nakiri kwamba sijui.

Jambo lingine. Umeandika "nikakata", "nilipotembea nayo", "mikono yangu". Nimehesabu. Antipasi amekata mara ngapi? Oktoba atapaswa kubeba na kuangusha kama wewe. Mtu aliyefanya kazi shimoni miaka kumi anahitaji kuanza mapema kuzoea kusimama na mashine. Nijibu hili kabla sijatoa neno la mwisho.

Melkizedeki


Rungwa, 25 Agosti 1957

Mjomba Melkizedeki,

Shikamoo. Usishangae kuona mwandiko mwingine. Ni mimi, Klara. Mume wangu amevimba macho yote mawili, hawezi kusoma wala kuandika, anasema maneno nami nayaweka kwenye karatasi. Mimi na mimba tu wazima.

Anasema nikuandikie hivi. Mafuta ya mnyororo yaliisha na pipa lililotoka Itigi lilichelewa kwa sababu lori liliharibika. Kwenye msumeno wa shimo walizoea kupaka nta ubapani ili uteleze. Kwa hiyo akayeyusha nta, akaichanganya na mafuta ya karanga, akaimimina kwenye tangi la mashine ya kijani. Ilikwenda vizuri mpaka karibu saa sita. Kisha nta ikaganda na unga wa mbao, ikaziba tundu, mnyororo ukakosa mafuta, ukapata moto, na nta ikaanza kuungua. Harufu ikaenea msituni.

Nyuki wa Mzee Idrissa wakaja, na si wa mzinga mmoja.

Anasema mashine ilikuwa imeingia nusu ya mti. Akaing'oa, akakimbia nayo mkononi hatua kama hamsini kabla ya kukumbuka kwamba anaweza kuitupa. Antipasi hakukimbia. Alijifunika gunia, akalala kifudifudi kwenye moshi wa moto wa chai, akapata miiba mitatu. Mume wangu tuliacha kuhesabu miiba yake baada ya sitini. Mzee Idrissa alipofika alisema, "Umewapikia nyumba yao, kijana. Walitaka tu kumjua mpishi." Kisha akakaa hapa siku mbili akimtoa miiba kwa ukucha, na hakudai chochote kwa ajili ya mizinga iliyohama.

Hapo ndipo maneno yake yanaishia. Ameniambia niandike "Antipasi ni mzima", kisha akalala. Sasa naongeza ya kwangu, na utaamua wewe kama utamwambia.

Antipasi hakukimbia kwa sababu hawezi kukimbia. Mwaka 1954 gogo lilibingirika kutoka juu ya shimo likampiga nyonga. Kabari ya kulizuia ilikuwa kazi ya Laurenti kuiweka, na siku ile hakuiweka. Tangu hapo Antipasi hutembea ameinama upande mmoja. Shimoni anafanya kazi vizuri kwa sababu amesimama mahali pamoja. Ile mashine ya kijani hawezi kuibeba hatua ishirini, sembuse mia mbili. Amejaribu sisi tukiwa kanisani, nimeiona alama ya mahali ilipomponyoka.

Laurenti anataka ya kijani kwa sababu anasema atakata kazi ya watu wawili, ampe Antipasi nusu, yeye apumzike nyumbani. Anadhani hiyo ndiyo njia ya kulipa ile nyonga. Antipasi alimjibu mbele yangu, "Mimi si mzinga wa kutundikwa na kutembelewa mara mbili kwa mwaka." Tangu siku ile wanafanya kazi pamoja wakizungumza habari za kazi tu.

Nisamehe kwa kuandika yasiyo yangu.

Klara


Magamba, 15 Septemba 1957

Mpwa wangu Laurenti,

Pole. Weka maji ya chumvi machoni asubuhi na jioni, na mpe Mzee Idrissa salamu zangu za heshima. Mtu anayekaa siku mbili kutoa miiba ya aliyemfukuzia nyuki wake si mtu wa kawaida. Mwambie Klara barua yake ilikuwa imenyooka kuliko zako na zangu. Na usimgombeze. Mimi ningefurahi kama mtu wa nyumbani kwangu angeandika namna hiyo miaka ile.

Sina habari za huku leo. Nitakwenda moja kwa moja.

Hujaniuliza kamwe kwa nini niliondoka Kinyangiri, na mama yako hajaniandikia neno juu yake tangu mwaka 1926. Nadhani unajua nusu. Mimi nilikuwa mtu wa juu na baba yako Marko alikuwa mtu wa chini, kama wewe na Antipasi. Tulipasua mbao za paa la kanisa, na zile za daraja ambalo mafuriko yalilichukua baadaye. Akaja mtu wa kuajiri, akitafuta wapasuaji wa kupeleka Usambara. Lori lilikuwa na nafasi moja tu. Nilimwambia Marko, nitangulie, nitakuita kabla ya mavuno.

Nilipofika hapa nilikuta nafasi ipo, tena tele. Wiki ya pili msimamizi aliniuliza kama namjua mpasuaji mwingine. Nilisema simjui. Nilijiambia kwamba kifua cha Marko hakitaiweza baridi hii. Nilijiambia kwamba ana mke, dada yangu, na ni afadhali awe naye. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa ya kumhurumia. Hakuna hata moja nililomwuliza yeye. Alikaa Kinyangiri bila mwenzake, na mtu mmoja hawezi kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Alilima mpaka alipofariki mwaka 1949. Ndiyo maana nauli ninayo kila mwaka na kila mwaka sipandi gari.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu wewe nawe umeanza kumhurumia mtu bila kumwuliza.

Kuhusu mashine, nafuta ushauri wangu. Nilikujibu kama mtu wa Magamba, mahali ambapo miti ina upana wa futi tano na matrekta yanabeba kila kitu. Nilipima chuma, na chuma nilikipima sawasawa, lakini hukuwa unanichagulia mimi. Chukua mashine zote mbili, ziweke mbele ya Antipasi. Kisha kaa mbali, funga mdomo, na umwache aseme anachokiona.

Bado wiki nne au tano Bwana Miti aje. Kama barua hii itachelewa, nitajilaumu kwa siku zote nilizotumia kuisifu ile ya kijani.

Mjomba wako,
Melkizedeki


Rungwa, 20 Oktoba 1957

Mjomba wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Barua yako ilifika siku kumi na mbili kabla ya Bwana Miti. Klara amejifungua mtoto wa kike tarehe 9, wote wawili wazima. Tumempa jina Dina. Mama amekuja kutoka Kinyangiri na anakaa nasi. Nilimsomea barua yako yote. Aliendelea kupepeta uwele, kisha akasema, "Mwambie makoti mawili hayatoshi. Avae na sweta." Ndivyo alivyosema, naandika kama yalivyotoka.

Sasa nikueleze habari ya mashine, maana ningekuwa na wewe hapa ningekuwa napiga kelele.

Nilimwambia Antipasi, "Zitazame wewe. Mimi nitakaa kule." Akaniangalia kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya maneno. Nilipokwenda kweli kukaa kwenye kisiki, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Juni.

Hakuinyanyua hata moja. Alisema, "Washa hiyo nyekundu, ukate." Nikakata. Yeye akalala kwa tumbo mwishoni mwa gogo, mahali unga unapomwagikia, akaupokea kwenye kiganja. Akausugua kwa kidole. Akaunusa. Akasema, "Zima. Huu ni unga wa ugali. Msumeno unaokata hautoi unga wa namna hii, unatoa chenga. Huu wako hausukumi meno ndani, unasugua."

Nikasema, "Antipasi, mashine ni mpya! Imetoka kwenye sanduku!"

"Na mimi nilitoka kwa mama yangu mpya," akasema, "na bado nilihitaji kufundishwa."

Akaupindua mnyororo juu ya magoti yake na kunionyesha. Meno ya upande wa kushoto yalikuwa marefu kuliko ya kulia, kwa kiasi cha unywele. Mimi nimekata na mnyororo ule miezi mitano na sikuona. Yeye aliliona katika unga. Mjomba, nilimwuliza amelijuaje. Alisema miaka kumi nilipokuwa juu nikitazama mstari, yeye chini alikuwa hana cha kutazama isipokuwa meno yakishuka na unga ukianguka. Jino likiharibika alijua kabla yangu kwa muda mrefu, akawa anavuta kwa kulikwepa. Miaka kumi! Na mimi nilidhani msumeno wetu ni mzuri tu.

Alichukua tupa, akanoa tangu asubuhi hadi kivuli kilipohama upande wa pili wa nyumba. Jino kwa jino, akihesabu misuguo. Kisha tukakata gogo la inchi kumi na nane, kwa saa ileile ya katekista. Nyekundu: sekunde ishirini na tisa. Imeishinda ya kijani ya mwezi wa Julai! Haikulia, haikutoa moshi. Unga haukuwa unga tena, ulikuwa chenga ndefu kama nafaka zilizopondwa. Sekunde zako tatu zilikuwa pale, Mjomba, pamoja na nyingine ishirini.

Najua utaniuliza, na nimejiandaa: je, ya kijani nayo akiinoa? Ameinoa. Sekunde ishirini na mbili. Bado ina nguvu zaidi, kitabu chako hakikudanganya. Lakini tulifanya kazi siku nzima na kila moja. Kwa ile ya kijani nilikata peke yangu vipande thelathini na tatu, na saa nane nilikuwa nimelala chali nikitazama matawi. Kwa nyekundu tulipokezana, mimi nikikata yeye akinoa na kupumzika, yeye akikata mimi nikigeuza magogo, tukapata vipande arobaini na kimoja. Kurudi maili tisa tuliibeba kwa zamu na hakuna aliyeichukia.

Bwana Miti alifika tarehe 17. Alipigilia kigingi ardhini, akasema mti uangukie hapo. Nilikwenda kwanza. Mti wangu ulikiacha kigingi hatua mbili, akaandika kwamba inafaa.

Akaja Antipasi. Aliiweka mashine begani, akatembea. Tangu nyonga ile anakwenda kama mtu anayepanda ngazi upande mmoja tu. Watu wa Rungwa nzima walikuwa pale. Mzee Idrissa alikuwa akihesabu hatua kwa midomo bila sauti. Kama kwenye hatua ya mia na hamsini akasimama. Nilitaka kwenda. Mama alinishika shati kwa nyuma. Antipasi alikohoa, akahamisha mashine bega la pili, akaendelea.

Kwenye mti hakuweza kuinama, kwa hiyo alipiga goti moja. Bwana Miti akasema, "Huyu mguu wake una nini?"

Antipasi akajibu bila kugeuka, "Mguu ni wangu, Bwana. Anayetakiwa kuanguka leo ni mti."

Akakata. Mti ukakiingiza kigingi chote ardhini, mpaka tukakichimbua kwa jembe ili Bwana Miti arudi nacho. Akamwuliza nani amenoa mnyororo. Alipoambiwa, akampa tupa mbili kutoka kwenye gari lake, na kwenye leseni mpya akaandika jina la Antipasi kwanza, la kwangu chini yake.

Jioni nilimwomba msamaha kwa ile kabari ya mwaka 1954. Sikuwahi kufanya hivyo. Alisema, "Nilidhani umesahau," kisha akaniuliza kama nimemwaga mafuta machafu kwenye tangi.

Ya kijani imeondoka na gari. Niliitazama ikienda. Sitakudanganya, niliipenda.

Mpwa wako,
Laurenti


Magamba, 17 Novemba 1957

Mpwa wangu Laurenti, na Antipasi pia, kwa kuwa barua hii ni ya wawili,

Dina awe na afya na meno mazuri. Nimenunua sweta. Mwambie mama yako ni la kijivu, na kwamba nimelivaa nikiandika haya.

Antipasi, tuna mashine kumi na moja katika kambi hii. Kila siku vijana hubishana juu ya farasi: hii wanne, ile sita. Jana nilikwenda nyuma ya kila moja ikiwa kazini, nikapokea kwa kiganja changu kinachotoka, kama ulivyofanya. Mashine tisa zinatoa unga wa ugali. Nimekuwa hapa miaka thelathini na moja, nimesoma vitabu vyote vilivyo kwenye ofisi, na hakuna kitabu kilichoniambia. Nakuomba uniandikie, au umwambie Laurenti aandike: unashika tupa kwa mshazari gani, unasugua mara ngapi kwa kila jino, na unajuaje kwamba inatosha. Nitasubiri kama mwanafunzi.

Leo ni Jumapili na kazi imefungwa. Baada ya ibada nilimwomba Leonidas tufungue stoo ya zamani. Tulitoa msumeno wa shimo, ukiwa na kutu, tukausafisha. Lile shimo la zamani bado lipo nyuma ya karakana. Tuliweka gogo la mkulo juu yake. Leonidas akaanza kushuka shimoni, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea, nikamwambia, "Hapana. Leo mimi ndiye wa chini."

Alinishangaa, lakini akapanda juu. Mimi nikashuka. Nina miaka hamsini na minane na sijawahi kusimama upande ule wa msumeno.

Meno niliyaona, Antipasi. Yanashuka moja moja mbele ya macho, na kila moja lina tabia yake. Nililiona jino bovu, la saba kutoka chini, katika mvuto wa nne au wa tano. Nilifurahi kama mtoto. Kisha mikono ikaanza kuchoka, nikavuta polepole, na Leonidas akapiga kelele kutoka juu, "Vuta, mzee! Umelala huko?"

Ni maneno yaleyale. Ndivyo nilivyokuwa nikimpigia baba yako kelele, Laurenti, kila siku kwa miaka minne, naye hakuwahi kunijibu hata neno moja. Nilidhani ni mtu mpole asiye na la kusema. Leo nilifungua kinywa kumjibu Leonidas, kikajaa unga wa mbao mpaka kooni.

Melkizedeki